Mama Ndiye Nahodha

Siku hizi televisheni ikionyesha zile filamu za zamani za merikebu, inawapa wahusika sura zenu, kulingana na inavyowasikia mnavyoishi humo ndani. Kwetu mama yangu ndiye nahodha kila Jumamosi. Mimi huwa mpishi, namenya viazi.

Jana mabaharia waliasi, wakiongozwa na mke wangu Nasemba, kashika panga.

“Hata kwenye filamu unataka nife,” mama akamwambia.

“Mashine inatusikia sote, mama,” Nasemba akajibu.

Kwenye skrini wakamshusha mama kwenye mashua, bila maji, bila makasia. Baharia mmoja akainama kukata kamba. Alipogeuka, ilikuwa sura yangu.

Mama akanigeukia pale kwenye kochi. “Kumbe na wewe.”



Nasemba akaongeza sauti ya televisheni.