Kumuunga Mkono Mzee Liew

Nyirabeza alimfunga mzee Liew skafu kuanzia kidevuni mpaka utosini, kama mtu mwenye jino bovu, akampachika miwani yake myeusi ya mikutano, ndipo akafungua kompyuta. Kumhudumia mzee huyo, hapo nyumbani kwake mtaa wa Beechmont, Louisville, ndiyo kazi yake.

Wazee wawili wakatokea kwenye kioo: Bi Ngooi, mwenyekiti, theluji ya Buffalo dirishani kwake, na Bwana Chong wa Columbus, yuko jikoni. Na Liew wa tatu. Hilo ndilo tawi zima la Marekani la chama cha Wachina waliozaliwa nje ya China, watu wachache katika nchi walikotoka, nchi ya makabila mengi. Kila mmoja na Kichina chake. Huelewana kwa Kiingereza.

"Liew leo kimya?" Bi Ngooi alishangaa. "Huyu anayetukatiza hata kwenye dua?"

"Jino, mama," Nyirabeza alijibu.

"Afadhali. Tutamaliza mapema."

Hoja ilikuwa moja: tawi lifungwe au liendelee. Bi Ngooi alitaka lifungwe. "Vijana hawaji. Tunalinda nini?" Chong akakataa katakata. Ikabaki kura ya Louisville.

Nyirabeza hakusikia kitu moyoni, si huzuni, si hofu. Ganzi tupu. Jana mezani mzee alimwambia: "Kesho usiniangushe. Wachache wakikosa chama, wataulizwa wametoka wapi." Yeye, Munyamulenge, naye wa kabila la wachache, hakuhitaji kufafanuliwa. Kwao waliulizwa hivyo hivyo, na waliouliza hawakungoja jibu.

Naye akamwambia kwamba kwa Kiswahili, kukubaliana na mtu ni kumuunga mkono. Mzee akacheka mpaka wali ukamtoka puani. "Basi wewe unaniunga kwelikweli!" Maana tangu apooze, kila mkutano Nyirabeza ndiye humwinulia mkono.

"Wanaotaka liendelee?" Bi Ngooi akauliza.

Chong akainua wake. Nyirabeza akashika kiwiko cha mzee, akasukuma. Leo mkono ulikuwa mbishi.

"Bon, mzee, tusiaibishane," akamnong'oneza.

Ukapanda.

"Wawili kwa mmoja," Bi Ngooi akasema, akifuta macho. "Liew, king'ang'anizi wewe! Utatuzika sote."

Kioo kikazimika. Nyirabeza akaushusha mkono, akaulaza kifuani juu ya mwenzake. Kisha akampigia simu binti wa mzee, kule mtaa wa Highview.

"Pole, mwanangu," alisema. "Baba yako alituacha alfajiri."