Mnyonyaji wa Darasa la Sita

Kila Jumatatu, kipindi cha siasa kilipoanza, watoto wa darasa la sita walipanga mstari kumtemea mate Rugaibula.

Rugaibula mwenyewe alikwisha kufa siku nyingi. Waliyemtemea ni picha, kubwa kama dirisha, imewekewa kioo na kutundikwa kando ya ubao. Bwana ameketi kitini, kofia kichwani, viatu vinang'aa, koti limempwaya. Nyuma yake amesimama mtu mwenye fulana, miguu mitupu, kikapu cha kahawa mikononi, anacheka.

"Kwa nini koti ni kubwa?" mwalimu Klaudia aliwauliza.

"Kwa sababu mnyonyaji hajui kutosheka!" waliitikia.

"Na huyu wa nyuma anacheka nini?"

"Anamwogopa bwana wake!"

"Vizuri. Haya, mmoja mmoja, na msimkose usoni."

Klaudia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu aliyetii semina. Kule Bukoba mjini walimu walikuwa wameambiwa waachane na chaki tupu, wafundishe kwa redio, kwa filamu, kwa picha. Maneno matamu hayo, na chai ya maziwa juu yake. Lakini shuleni kwao, karibu na Nshamba, redio ilikuwepo na betri hazikuwepo. Gari la sinema lilikuja mara moja, likaonyesha nusu ya filamu ya kilimo, jenereta likazima, watoto wakaambiwa mengine wajaze wenyewe. Ikabaki picha.

Na picha aliyoitaka Klaudia alikuwa akiitafuta tangu utoto, kwa sababu hakuwahi kuuona uso wa baba yake.

Baba yake, Karugendo, alikuwa kibarua wa Rugaibula kule Rubafu. Klaudia akiwa mchanga bado, lori la kahawa ya Rugaibula lilipinduka, na Karugendo alikuwa juu ya magunia. Siku chache kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamepigwa picha pamoja mjini, kwa mzee Hamidi. Picha hiyo haikufika nyumbani. Mama yake, Kokuhirwa, alijaribu mara nyingi kumsimulia habari za siku ile, lakini jina la Rugaibula likitajwa tu, Klaudia alinyanyuka akatoka. Hakutaka kusikia chochote juu ya mtu aliyemla baba yake.

Baada ya semina alikwenda moja kwa moja studio. Mzee Hamidi alikwisha kufariki. Kazi aliishika mwanawe, Zahoro. Zahoro alifukua maboksi mpaka mikono ikawa myeusi kwa vumbi.

"Hii hapa, mwalimu. Marehemu Rugaibula na kibarua wake. Baba aliipenda sana picha hii, alikuwa akiitazama anacheka peke yake."

Klaudia hakuona cha kuchekesha. Alimtazama yule mtu peku mpaka machozi yakamtoka. Aliona paji la uso ni lake, aliona na masikio ni yake. Miaka yote hiyo ya kulala akimtunga baba kichwani, kumbe alikuwa ndani ya boksi, amebeba kikapu cha mwenzake.

"Nikukuzie yupi?" Zahoro aliuliza.

"Wote wawili. Watoto wamwone anayekula na anayeliwa."

Somo lile lilifana kuliko masomo yote aliyowahi kufundisha. Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye siasa sasa waligombania kuwa wa kwanza mstarini. Ofisa wa elimu alipokuja kukagua, alitema na yeye, akapiga makofi, akasema zana kama hii haifai kukaa shule moja. Zahoro akatengeneza nakala. Kabla ya mwezi kwisha, tarafa nzima ilikuwa ikitema.

Hapo Klaudia akampelekea mama yake salamu: njoo Nshamba, nimempata tata, baba yangu.

Kokuhirwa alifika Jumatatu asubuhi. Alikuwa amevaa kanga zake za kanisani, na mkononi alishika kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama mtu anayekwenda kwa wakwe. Hakutaka kupumzika wala kunywa maji. Alisimama mlangoni mwa darasa, akawaona watoto mstarini, akauona ute ukiteremka juu ya kioo.

"Watoto, simameni," Klaudia alisema. "Huyu ndiye mama yangu."

"Shikamoo, bibi!"

Bibi alipita katikati ya madawati mpaka mbele, akaitazama picha. Kisha akashika ncha ya kanga, akaanza kumfuta uso yule wa kwenye kiti.

Klaudia alicheka kidogo, kwa huruma. Macho ya wazee. Akamshika mkono taratibu.

"Huyo mwache na mate yake, mama. Tata ni huyu wa nyuma."

Kokuhirwa aliutoa mkono wake, akaendelea kufuta, pole pole, kwanza macho, halafu mdomo.

"Waitu, mwanangu, huyo wa nyuma ndiye Rugaibula," alisema. "Ulipozaliwa, tata wako alitaka uwe na picha yake. Rugaibula akavua koti lake, na kofia, na viatu, akamvika, akamkalisha kitini. Kikapu akashika yeye, ili ukikua usimwone baba yako peku."