Mwenzi wa Taa

Tangu ipigwe marufuku kuendesha baiskeli peke yako usiku, kila baiskeli hapa Tanga huwasha mwenzi: mtu wa mwanga anayepiga pedali ubavuni mwako, ili vibaka wadhani mko wawili. Likikupata la kukupata, baiskeli hurudi nyumbani yenyewe, na mwenzi huhamia kwenye tandiko isije ikaibwa.

Sura ya mwenzi huchaguliwa na familia. Wengi huweka wajomba wenye vifua. Mwanamkasi hakuwa na mjomba wa kumtisha mtu, akaweka sura ya mumewe mwenyewe, Mhina, lile pande la mtu. Majirani walicheka hadi basi. "Mapacha hao wanapita!" Mhina akaona haya, akawa anamzima mwenzi kwenye kona ya msikiti na kumalizia njia peke yake.

Kwa hiyo usiku ule kengele ilipolia, Mwanamkasi akafungua mlango na kumwona Mhina mmoja tu, hakushangaa.

"Baba Sauda, mbona umechelewa hivi? Futari imeshapoa."

Mhina alitabasamu. Miguu yake iliendelea kupiga pedali, na baiskeli imesimama.

"Shuka basi, nipe huo mkoba."

Alinyoosha mkono ampokee. Mkono ukazama kifuani mwa mumewe, ukatokea mgongoni.



"Karibu nyumbani," ilisema baiskeli. "Umefika salama."

Sauda aliisikia kutoka ndani. Akatoka mbio, miguu mitupu, mikono wazi, amrukie babake.