Mshono Mmoja

Fundi hakuinua mguu kwenye pedali ofisa alipomaliza kuwasomea yeye na wanafunzi wake wa ushonaji barua: serikali imelikatia ruzuku shirika la wakimbizi, na vyerehani vyote sita vinarudi stoo leo hii.

"Vichukue, mwanangu," alisema. "Ila utuache kwanza tumalize mshono."

Wachukuzi wawili aliokuja nao ofisa walisogea, wakasita. Jora moja la kitambaa lilikuwa limepita chini ya sindano zote sita, na wanafunzi wake, wanawake waliokimbia vita, walikanyaga pedali kama hawajasikia kitu.

Ofisa alisubiri mpaka kitambaa kikafika mlangoni.

"Mama, mshono wenyewe unaishia wapi?"

Fundi alilamba ncha ya uzi, akautunga kwenye sindano, akavuta jora la pili kuliunga na la kwanza.

"Hatujaamua bado."