Pumzi za Mama

Siku hizi hakuna anayemsikia mwenzake ila kupitia mashine ya kuchanganya sauti iliyofungwa nyumbani kwake. Tunu, fundi wa studio, haishi kuichokonoa ya kwake. Sauti ya mama yake aliisafisha vile anavyozisafisha za waimbaji: alikata pumzi zote baina ya maneno.

"Sijambo, mwanangu," mama alimjibu asubuhi hii, sauti nyororo kama ya redioni. Lakini mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka. Tunu hakutulia. Akairudia mashine, akazirejesha pumzi. Kifua cha mama kilikuwa kikilia kama filimbi.

"Mama! Kifua kimeanza kukubana lini?"

"Tangu Ramadhani," mama akasema, akitweta. "Nilidhani unasikia, ila umenichoka."