Picha Yenye Jina la Mtoto

Rukaya, nesi wa zahanati moja nje ya Kintinku, aliingiza uzito wa mtoto aliyeletwa na mama yake, kilo tisa, kishikwambi kikaandika kumi na tisa. Dozi iliyotokea ilikuwa mara mbili ya inayomfaa yule mtoto.

Akabonyeza "Ripoti kosa". Mfumo ukamtaka kwanza ajisajili, kisha atume picha ya ukurasa wenye kosa. Chini paliandikwa kwamba ripoti itaonekana kwa watumiaji wote.

Ukurasa ule ulikuwa na jina la mtoto, la mama yake, na dawa wanazomeza wote wawili kila siku.

"Dada nesi, usituanike huko," mama alisema, akimkumbatia mwanawe. "Nimewaficha hata wakwe."

Rukaya akaifuta ripoti, akampigia msimamizi wa mfumo mjini.

"Pitia kwenye mfumo," alijibiwa. "Bila kujisajili, sisi hatuna kosa lolote lililoandikwa hapa."

"Shikamoo mkubwa. Kosa lipo."

Akakata simu. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KISHIKWAMBI KINAKOSEA DOZI ZA WATOTO. TUNAPIGA HESABU KWA MKONO.

Chini yake akatia majina yake yote matatu.