Mlango wa Mama Nasoro

Siku hizi mlango hufungukia jina, na ukisikia jina lisilo kwenye sajili ya taifa hujifunga. Mama Nasoro, fundi wa milango hiyo, alikuwa amekwama nje ya wake mwenyewe, ameshika bakuli la uji wa mumewe mgonjwa alioufuata kwa jirani.

"Jina halitambuliki," mlango ulisema tena.

Akaichunguza seva ya nyumba kwenye simu. Orodha ya wanaoruhusiwa ilikuwa sawa: Mama Nasoro, Baba Nasoro. Basi akaiuliza sajili: namba ya simu hii ni ya nani?

Mwanakombo Shauri, sajili ikajibu.

Miaka tisa hakuna aliyemwita hivyo. Lakini jana walisoma hitima ya arobaini ya mwanawe Nasoro, na siku hiyo sajili hulifuta jina la marehemu, pamoja na kila jina lililoliegemea.

Akaandika Mwanakombo kwenye orodha. Mlango ukafunguka.

"Mama Nasoro, ni wewe?" mumewe akaita kutoka chumbani.

Mlango ukajifunga kabla hajavuka kizingiti. Ndani, mumewe akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi.